Vifaa vya kubadilishia oili nyumbani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Hukumu kwanza, maana wengi watasoma aya moja kisha wakimbilie Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Pesa yako iende kwenye vitu vinne: stendi mbili za chuma, spana ya pete namba 14 (17 kwa Forester), kofia ya kufungulia filta inayoishika filta yako sawasawa, na washa mpya (ringi ya kuzibia) ya bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vya kuacha dukani ni mkanda wa kufungulia filta, vichupa vya dawa vinavyodai kuifufua injini iliyochoka, na filta yoyote ambayo muuzaji hataki uitoe kwenye boksi uiangalie. Oili yenyewe ina maneno mengi, tutayafikia.

Tathmini hii inalenga magari yaliyojaa barabara zetu kuanzia Busia hadi Arua: Toyota zilizotumika Japani zenye injini ya 1NZ-FE (Vitz, Fielder, Probox, Premio na Allion za 1.5), zenye 1ZZ-FE (Wish, Premio na Allion za 1.8), na Subaru Forester zenye injini za EJ. Mwenye gari jingine asome tu, ila namba za spana na ujazo wa oili azitoe kwenye kitabu cha gari lake. Kitabu kikiwa cha Kijapani, tarakimu na herufi L bado zinasomeka.

Kuinua gari

Hapa ndipo mtu anapoweza kufa, kwa hiyo hapa hatubani shilingi. Jeki ya mkasi inayolala kwenye buti ilitengenezwa kwa kazi moja, kubadilisha tairi mwili wako ukiwa nje. Jeki ya maji, iwe ya chupa au ya magurudumu, nayo ni ya kuinulia tu. Sili yake ikichoka gari linashuka, na halikuiti jina kwanza. Kinachobeba gari wewe ukiwa chini ni stendi.

Ziko za aina mbili sokoni: za meno, ambazo shingo inapanda na kushikwa na kabari ndani, na za pini, ambapo chuma kinapita kwenye tundu. Kwa anayeanza tunazipendelea za pini. Si za kisasa, lakini unaiona pini kwa macho yako kwamba imepita upande wa pili. Stendi ya meno ya bei rahisi inaweza kukaa kwenye ncha ya jino, ikaonekana imeshika kumbe haijashika. Ukiinunua, ipandishe dukani, igonge kwa kiganja, uone kama kabari imeingia hadi mwisho. Zilizoandikwa tani 2 au 3 zinatosha gari dogo. Geuza miguu uangalie weldingi: iwe imezunguka mguu wote, si vidoti vinne kama vya kalamu.

Ardhi ni nusu ya stendi. Kwenye marram, hasa baada ya mvua, miguu ya stendi inazama mmoja mmoja na gari linainama. Weka ubao mgumu wa unene wa sentimita nne au tano chini ya kila stendi, na mwingine chini ya jeki. Matofali usiyafikirie kabisa. Tofali la kuchoma hubeba, hubeba, halafu linapasuka mara moja.

Mafundi wa chuma wa Katwe huchomelea ngazi za kupandishia gari kwa oda, na kwa mtu mwenye uwanja wa saruji ni kifaa kizuri kuliko jeki: unaendesha magurudumu ya mbele juu, unaweka handibreki, basi. Ila mpe fundi vipimo, usimwachie. Upana wa sentimita 25, kimo kisichozidi 20, na mteremko uwe mrefu, angalau mara nne ya kimo, la sivyo bampa ya Premio itagusa chuma kabla tairi halijapanda. Mwishoni kuwe na kizuizi kirefu kinachoonekana, si kipande cha nondo. Na mwambie aweke miguu bapa chini, kwa sababu ncha kali huteleza kwenye saruji. Kasoro yake moja: gari likiinama nyuma, oili kidogo inabaki ndani ya sampu. Sampu nyingi zina bolti upande wa nyuma, kwa hiyo hasara ni ndogo.

Wako wanaoegesha gari juu ya mtaro wa barabara wakaingia chini. Bei yake ni sifuri, na maksi tunazoipa ni hizo hizo.

Spana, kofia na beseni

Bolti ya sampu ya Toyota hizi ina kichwa cha namba 14. Ya Forester za EJ ni 17. Nunua spana ya pete, au soketi yenye pembe sita. Spana malaya, ile ya kurekebishwa kwa kidole, iache kwa mabomba ya maji. Inashika pande mbili tu, na kichwa cha bolti ambacho kimekwishapitia mikono kumi ya gereji kitaviringika mara ya kwanza ukikivuta nayo.

Filta ndiyo inayowatesa wengi. Ile ya mkebe inayofungwa 1NZ na 1ZZ, ambayo namba yake ya Toyota ni 90915-YZZE1, ina kichwa chenye mikunjo 14 na kipenyo cha milimita 65. Kofia ya kipimo hicho inakaa juu ya mkebe kama kifuniko cha sufuria, unaisukuma kwa rachi, na filta inaachia bila kelele. Kofia inayocheza hata kidogo haifai. Nenda nayo dukani na filta yako mkononi, uijaribu pale pale. Ukikosa kofia sahihi, mkono wa kucha tatu unafaa, kwa sababu unavyokaza ndivyo kucha zinavyobana. Mkanda wa ngozi au wa mpira unateleza mara unapopata oili, na utapata oili. Mnyororo unashika lakini unaponda mkebe. Kutoboa filta kwa bisibisi ni njia ya mwisho kabisa, maana bati linachanika, filta inabaki pale pale, na sasa huna hata pa kushika.

Beseni la kukingia usinunue. Chukua jerikani la njano la lita 20, lilaze, likate ubavu ubaki na kina cha sentimita 12 hivi. Ukiuacha mdomo na mfuniko wake upande usiokatwa, umepata pia pa kumiminia oili chafu baadaye. Faneli nayo ni shingo ya chupa ya maji iliyokatwa, ikakaushwa kabisa. Tone la maji ndani ya chupa hiyo ni tone la maji ndani ya injini.

Glavu za raba nunua. Oili iliyotumika ina masizi na sumu zinazopita kwenye ngozi, na hakuna ushujaa katika kuishika kwa mikono mitupu.

Filta na washa

Filta mbili zinaweza kufanana rangi, herufi na boksi, lakini ndani ni mbingu na ardhi. Mwombe muuzaji uitazame kutoka chini. Kuna tundu kubwa la katikati lenye thredi, limezungukwa na vitundu vidogo. Ingiza ncha ya kalamu kwenye kitundu kimoja taratibu: lazima ikutane na utando wa raba, mweusi au wa rangi ya chungwa, unaobonyea na kurudi. Huo ndio unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Filta isiyo nao, au yenye utando mgumu kama plastiki, inajisema kila asubuhi: unawasha gari, injini inagonga sekunde mbili tatu ndipo inatulia, kwa sababu filta ilikuwa tupu na oili ilikuwa bado njiani. Angalia pia kwamba raba ya mviringo ya nje imekaa ndani ya mfereji wake na haijakauka. Uzito nao husema kitu. Iliyo nyepesi kama mkebe wa soda mara nyingi ina karatasi chache ndani.

Ukiingia Kisekka mtu wa kwanza atakayekuita "ssebo" (bwana) kwa kawaida si mwenye duka. Ni dalali, na filta itapanda bei kabla hujaiona. Pita, ingia ndani, taja namba ya injini na si jina la gari tu, kwa sababu Wish ya 1.8 inaweza kuwa na 1ZZ yenye filta ya mkebe au 2ZR yenye filta ya karatasi inayokaa ndani ya nyumba ya plastiki. Hiyo ya 2ZR inataka kofia yake maalumu na raba mpya mbili, na mtu wa mara ya kwanza akiilazimisha anaipasua nyumba.

Washa ya bolti ni bei ya chapati chache, na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Ya Toyota hizi ni ya tundu la milimita 12. Kazi yake ni kubonyea kidogo ikaziba. Ikishabonyea haibonyei tena, ndiyo maana ukiirudisha ya zamani bolti inavuja tone, unakaza, inavuja, unakaza zaidi, na safari hiyo inaishia kwenye thredi za sampu. Nunua tano kwa mkupuo, weka kwenye dashibodi.

Oili

Swali la kila kaunta ni "nyepesi au nzito?" Mengi yanayojibiwa hapo ni mazoea tu. Kwenye 5W-30, tarakimu ya kwanza yenye W ya winta husema oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili husema inabaki nzito kiasi gani ikifika nyuzi 100 za selsiasi. Wauzaji wengi husema Uganda ni nchi ya joto kwa hiyo weka 20W-50. Lakini thermostati haijui uko Kampala au Tokyo. Injini iliyopata moto inashikiliwa karibu na joto lile lile popote. Tofauti kubwa iko asubuhi, na asubuhi ya Kabale kuna baridi ya kutosha kuifanya 20W-50 ichelewe kufika juu kwenye kamshafti.

Injini za VVT-i, kama 1NZ na 1ZZ, zina sababu ya ziada. Muda wa valvu unageuzwa na presha ya oili yenyewe, kupitia valvu ndogo yenye chujio jembamba. Oili nzito huchelewesha kazi hiyo na kuongeza ulaji wa petroli. Oili iliyokaa muda mrefu hadi ikawa tope zito huliziba chujio, na taa ya injini inawaka kwa kosa ambalo gereji nyingi zitakuuzia sensa.

Hukumu yetu ni hii. 1NZ nzima isiyokula oili: 5W-30, au 10W-30. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, hadi 2002 hivi, zinajulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba. Hizo zipe 10W-40 na uangalie kijiti cha kupimia oili kila wiki badala ya kuzisukumia 50 zikanyamaza kwa mwezi. 20W-50 hatuilaani, kwani vitabu vya Toyota vya nchi za joto vimewahi kuiruhusu, na injini kongwe ya Toyota kama 5A au 3S inaishi nayo vizuri. Ila isiwe ndiyo jibu kwa kila gari linaloingia getini.

Kisha tafuta herufi za API, yaani za kiwango cha ubora wa oili, nyuma ya chupa. SP ilianza 2020, SN ilianza 2010, na zote mbili zinafaa kwa injini hizi. SL bado inakubalika kwa za miaka ya 2000 mwanzoni. Ukikuta SF, rudisha chupa rafuni: kiwango hicho kinahusu injini zilizotengenezwa hadi 1988, hata kama lebo ina picha ya gari la mashindano. Chupa yenye herufi ya C tu, kama CF-4 au CI-4, ni ya dizeli.

Bandia ipo, na huingia kwenye chupa halisi zilizookotwa. Angalia pete ya mfuniko: ikatike unapofungua, isiwe imegandishwa kwa gundi. Chini ya mfuniko nyingi zina karatasi ya foili. Namba ya toleo iwe imechapwa kwenye plastiki yenyewe, na ndoo mbili za rafu moja zikiwa na lebo zilizopinda tofauti, ondoka. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, inasaidia, lakini stika ni karatasi, usiifanye kuwa ushahidi pekee. Duka linalokupa risiti yenye jina na namba ya toleo ndilo unaloweza kulirudia.

Ujazo: 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inakuachia mililita 300 za kuongezea. 1ZZ-FE ni 3.7 kwa za zamani, 4.2 kwa za baadaye. 2ZR-FE ni 4.2. Forester ya EJ inazidi lita 4 kidogo, hadi 4.5 kutegemea toleo. Hapo galoni moja haitoshi, na ni vibaya kugundua hilo Jumapili jioni sampu ikiwa tupu.

Kazi yenyewe

Washa injini dakika tano, zima, subiri kumi. Oili yenye uvuguvugu inabeba uchafu nayo ikitoka. Oili inayochemka inakubabua mkono. Kwenye Forester za EJ subiri zaidi, maana filta imezungukwa na mabomba ya ekzosi. Egesha pasawa, P au gia ya kwanza, handibreki juu, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua kwenye sehemu yenye alama kwenye ukingo wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele, weka stendi, shusha gari likae juu yake, kisha litikise kwa bega kabla hujaingia chini. Likisogea sasa, wewe uko nje.

Fungua mfuniko wa oili wa juu na uvute kijiti. Ukisahau mfuniko oili itatoka kwa kwikwi. Ukifika chini na kukuta kava ya plastiki, ifungue kwa subira, kwani vibanio vyake ni vya kubonyeza au bolti za namba 10. Gereji nyingi hulitupa kava hilo kwa sababu linawachelewesha. Litunze, linazuia matope yasiruke kwenye mikanda.

Sasa simama. Kabla ya kugusa bolti yoyote, hakikisha ni ya injini. Sampu ya injini na ya gia boksi ya otomatiki hukaa jirani, na chini ya Forester kuna ya injini mbele, halafu nyuma yake ya gia boksi na ya difu ya mbele. Kosa hili ni la kawaida kuliko wanavyokiri: mtu anamwaga oili ya gia, anajaza lita 4 juu ya oili ya zamani ya injini, gari linatembea mita mia likakataa gia. Kikitoka kitu chekundu au cha waridi, rudisha bolti hapo hapo. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia.

Legeza kwa spana, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma bolti juu kama unayeirudisha. Thredi ya mwisho ikiachia, ivute pembeni haraka, na mkono wako haupati oili. Mkondo wa kwanza hutoka kwa pembe, beseni liwe mbele kidogo. Nguvu ikiisha mkondo unarudi nyuma, lisogeze. Acha idondoke dakika 10 hadi 15. Wakati huo futa bolti na uitazame. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kucha si vya kawaida, vihifadhi umwonyeshe fundi. Tazama pia pale washa inapokaa: mara nyingine ya zamani imebaki imeganda kwenye sampu, na ukiongeza mpya juu yake umepata washa mbili na uvujaji mmoja.

Bolti irudi kwa vidole mzunguko baada ya mzunguko. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, usiilazimishe kwa spana. Toyota inataka nguvu ya karibu Nm 37. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, chukua rachi ya sentimita 25 na uvute mwisho wake kwa nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 15, basi. Sampu za aluminiamu hazisamehi. Unasikia bolti inakaza, inakaza, halafu ghafla inakuwa laini kama inazunguka ndani ya siagi, na huo ulaini ni thredi zinazotoka. Dawa yake ni kutoboa na kuvisha thredi mpya, au bolti nene zaidi. Tepu ya mabomba na gamu ya gasketi si dawa. Vipande vyake hukatika ndani na kwenda kuziba chujio la pampu.

Filta sasa. Itoe, kisha usikimbilie mpya. Chukua tochi uangalie uso wa chuma ilipokaa, halafu ugeuze filta ya zamani: je, raba yake imetoka nayo? Ikiwa mfereji wa filta ya zamani uko wazi, raba imebaki imeganda kwenye injini, nyeusi juu ya nyeusi, haionekani mpaka uipitishie kidole. Filta mpya ikifungwa juu yake inashika vizuri gari likiwa limesimama. Presha ikipanda barabarani, raba mbili zinateleza, na lita zote zinaishia kwenye lami kabla hujaiona taa. Ibandue, futa uso kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka raba mpya oili safi kwa kidole, funga kwa mkono hadi iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Kofia ni ya kufungulia. Wanaokaza nayo kwa rachi ndio wanaotoboa filta kwa bisibisi mara inayofuata.

Mimina kwanza pungufu ya nusu lita kuliko kitabu kinavyosema. Funga mfuniko, washa. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ikikaa hadi kumi, zima ujue tatizo kabla ya kuwasha tena. Acha injini iungurume dakika moja huku ukitazama chini kwenye bolti na filta. Zima, shusha gari hadi lisimame sawa, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Usiivuke. Oili ikizidi, kranki inaipiga ikawa povu, na povu halibebi chuma. Sili huanza kuvuja na moshi wa bluu unatokea nyuma.

Pima tena asubuhi, na baada ya kilomita 100 pitia bolti na filta kwa karatasi ya tishu. Andika kilomita ndani ya boneti. Oili ya kawaida (mineral) tunaipa kilomita 5,000, sinthetiki kamili 7,500, na zote zipungue kama siku zako zinaishia kwenye jamu ya Jinja Road, ambako kilomita hazisogei lakini injini inafanya kazi, au kwenye vumbi la marram. Kwenye vumbi, filta ya hewa ina uzito sawa na chapa ya oili.

Je, inalipa kuliko kituo cha mafuta?

Kwa shilingi tu, si sana. Vituo vingi vya mafuta hubadilisha bure au kwa pesa kidogo ukinunua oili na filta yao. Stendi na vifaa vingine vitajilipa baada ya mara kadhaa, na mapema zaidi kama nyumbani kuna magari mawili. Unachopata mwenyewe ni uhakika wa kilichomo ndani na bolti iliyokazwa na mkono, si na mashine ya upepo. Ukiendelea na kituo, hakuna ubaya, ila simama karibu: chupa zifunguliwe mbele yako, filta ya zamani uishike mkononi bado ina moto, na bolti ianzwe kwa vidole. Anayekukatalia hayo matatu, nenda kwa jirani yake.

Oili chafu

Usiimwage kwenye mtaro. Mifereji ya katikati ya Kampala inaingia Nakivubo, Nakivubo inaingia ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria, na ghuba hiyo hiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakovuta maji ya mji. Kupaka nguzo za uzio ili mchwa wakae mbali ni desturi ya zamani, lakini metali iliyomo hubaki kwenye udongo, kwa hiyo isiwe karibu na bustani ya mboga, zizi wala kisima. Iache itulie, imimine kwenye jerikani lenye mfuniko bila kuichanganya na maji, kulanti au petroli, uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Nyingi wanalo, kwa sababu wapo wanaoinunua. Filta ya zamani iinamishe usiku kucha juu ya beseni kabla ya kuitupa, bado ina oili ndani. Chupa tupu zichane kwa kisu kabla hazijaingia kwenye takataka: chupa nzima yenye mfuniko na lebo safi ndiyo malighafi ya oili bandia.